Twauza Gunia, Twanunua Kijiko

Mnunuzi mmoja wa maganda alifika misioni kwetu baada ya Misa ya pili, akaketi barazani, akanywa chai yetu, kisha akatushtaki. Alisema kwamba twawaharibia watu kazi. Kosa letu lilikuwa hili: Dominika iliyotangulia tuliwaambia Wakristu wa milimani wasikubali tena kuchuna mti kuuzunguka pande zote kwa ajili ya kilo chache zaidi. «Miti ni ya Mungu,» akasema, «na ganda huota tena. Na habari ya kuchunguza dawa iliyomo, hiyo ni kazi ya Wazungu walio na mashini. Kazi yetu sisi ni kujaza gunia.»

Tulimjibu kwa adabu, maana mgeni ni mgeni. Lakini jibu lile lilikuwa fupi, na watu waliokuwa wakisikiliza walicheka upande wake. Hili ndilo jibu letu kamili. Twaliandika hapa ili walio milimani walisome, na yeye pia, kwani twajua kwamba gazeti hili humfikia.

Tuanze na mti wenyewe. Wajuzi wauita Prunus africana. Vitabu vya zamani viliandika Pygeum africanum. Ndugu zetu Wanyarwanda wauita umwumba. Huota katika misitu ya milima, toka Kamerun hata Ethiopia, Kenya, Madagaska na Afrika ya Kusini, na kwetu huota katika milima ya Kivu, kule ambako asubuhi ukungu hauondoki upesi. Ganda lake ni jeusi, limepasukapasuka kama ngozi ya mamba. Ukivunja jani bichi na kulinusa, wapata harufu ya lozi chungu. Harufu hiyo ni onyo, maana ndani ya jani mna sumu. Ndege na nyani hula matunda yake, nyuki hupenda maua yake, na mpini wa jembe uliochongwa kwa mti huu hukaa miaka.

Wazee wa nchi nyingi za Afrika walilipika ganda hilo kwa homa, kwa kifua, kwa tumbo, na kwa shida ya mkojo. Neno hilo la mwisho ndilo lililoleta biashara. Mwanamume akizeeka, tezi iliyo chini ya kibofu chake huweza kunenepa. Huamka usiku mara nne, mara tano. Husimama nje penye baridi akingoja matone. Vijana hucheka. Yeye haoni la kuchekesha. Mwaka 1966 Mfaransa mmoja, Jacques Debat, aliandikisha haki ya dawa iliyokamuliwa katika ganda la mti huu kwa ugonjwa huo, na baada ya hapo kinini zake zikaanza kuuzwa Ulaya. (Sisi Wakongo twaita kila kidonge kinini, kwa sababu kidonge cha kwanza tulichokijua kilikuwa cha kwinini. Tutarudi kwa kwinini.)

Je, dawa hiyo yafaa kweli? Mwaka 2002 wajuzi wa Cochrane walitoa hesabu ya majaribio 18, yenye wanaume 1,562. Waliomeza dawa ya ganda walisema kwamba wamepata nafuu mara mbili na zaidi kuliko wale wasioimeza, na usiku waliamka mara chache kuliko wenzao. Wajuzi hao hawakuficha kwamba majaribio mengi yalikuwa madogo na ya muda mfupi. Basi ni dawa ya kutuliza. Haiondoi kansa, na mzee anayekojoa damu asitafute ganda bali atafute munganga leo hii. Lakini ni dawa.

Nayo hufanyaje kazi? Hapa twaomba uvumilivu, maana hapa ndipo penye utajiri wenyewe. Mrumi mmoja wa kale, Celsus, aliandika alama nne za kidonda au kiungo kinachowaka: wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Mama aliyefunga goti lake kwa majani ya moto azijua alama hizo hata kama hakusoma Kirumi. Mwili wenyewe ndio unaowasha moto huo ili upigane na adui. Shida ni pale moto unapokataa kuzimika. Katika ganda la Prunus wajuzi walikuta vitu vya namna tatu vinavyofanya kazi pamoja: mafuta ya jamii ya sitosteroli, asidi kama ile ya ursoliki, na vitu vya jamii ya asidi feruliki. Katika maabara, kiini cha ganda huzuia chembe nyeupe za damu zisitengeneze baadhi ya vile vinavyochochea uvimbe. Kwa hiyo wazee waliolipika kwa magonjwa yanayoonekana mbalimbali hawakuwa wakibahatisha tu. Walikuwa wameona jambo moja katika mahali pengi, ila hawakuwa na mizani ya kulipimia.

Sasa hesabu. Bwana mnunuzi apenda hesabu, basi tuhesabu naye.

Maganda mabichi yakikauka hupoteza karibu nusu ya uzito wake. Kisha, ili kupata kilo moja ya kiini, kiwanda hutumia karibu kilo 200 za maganda makavu. Mara huzidi kidogo, mara hupungua. Basi kilo moja ya ganda kavu hutoa gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Kipimo cha mgonjwa ni miligramu 100 kwa siku. Kijiko hicho, basi, ni dawa ya mzee mmoja kwa siku 50. Gunia la kilo 50, ambalo kijana wa milimani hulibeba mgongoni kushuka njia ya utelezi, lina ndani yake dawa ya siku 2,500: miaka sita na miezi kumi ya usiku wa mtu mmoja kulala vizuri.

Hatusemi kwamba kijana alipwe bei yote ya kinini. Kiwanda kina gharama, mashini zina gharama, majaribio ya wagonjwa yana gharama kubwa. Lakini mwulizeni yeyote aliye na ndugu Ulaya ambei boksi moja la siku thelathini, halafu mpime bei hiyo na bei ya kilo moja ya maganda huko juu. Msituulize sisi, mwulizeni bwana mnunuzi. Barazani tulimwuliza. Alitazama saa yake.

Asema ganda huota tena. Ndiyo, huota tena, kama mchunaji ametoa robo mbili zinazotazamana na kuacha robo mbili nyingine. Kama mti ni mnene, wa sentimeta 30 kwa upana au zaidi. Kama ile ngozi laini yenye maji iliyo chini ya ganda haikuguswa kwa panga. Na kama mti utapumzishwa miaka mingi kabla ya kuguswa tena. Mti uliovuliwa kanzu yote kuzunguka hufa. Na mti uliokatwa ili hata maganda ya matawi yapatikane hauna la kuota tena. Wachunaji wayajua haya kuliko sisi. Huchuna vibaya kwa sababu hulipwa kwa kilo, kwa sababu kesho huenda mwingine akauchuna mti uleule, na kwa sababu ada ya shule ya watoto haingoji miaka saba. Kwa hiyo hatuwalaumu wao kwanza. Twamlaumu mwenye mizani, anayejua kanuni na kununua vilevile.

Wala si maneno ya misioni tu. Tangu 1995 mti huu umo katika orodha ya mapatano ya CITES, kwamba usiuzwe nje bila karatasi na kipimo. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa maganda ya nchi kadhaa za Afrika, Kongo ikiwemo, kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha ni miti mingapi imesimama na mingapi imekufa. Baadaye Kongo iliruhusiwa tena kwa tani zilizowekewa mpaka. Tazameni aibu hiyo: mgeni ndiye aliyetuambia tuhesabu miti yetu. Na mlango ulipofungwa, nani alilala njaa? Si mwenye kiwanda. Yeye alikuwa na ghala.

Sasa tuje kwa neno lake lililotuuma zaidi: kuchunguza ni kazi ya Wazungu.

Ndugu, turudi kwa kwinini. Mti wa kina watoka milima ya Amerika ya Kusini. Katika miaka ya 1600 Majesuiti waliupeleka unga wa ganda lake Ulaya, hata watu wakauita unga wa Majesuiti. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, wakakitoa kiini chenyewe. Mwaka 1865 mbegu nzuri kupita zote zilitoka Bolivia kwa mkono wa mwenyeji mmoja, Manuel Incra Mamani, aliyezichuma kwa ajili ya Mwingereza Ledger. Waholanzi wakazinunua, wakazipanda Java, na Java ikaitawala biashara ya kwinini ya dunia nzima. Mamani alifungwa nchini mwake kwa sababu ya mbegu hizo, akapigwa, akafa. Jina lake ni wachache wanaolijua. Jina la Ledger limeandikwa katika jina la mti wenyewe.

Lakini hadithi ya kina haiishii huko. Wabelgiji waliupanda Kivu. Na huko Bukavu, kwa miaka mingi, kiwanda cha Pharmakina kilipokea maganda ya mashamba ya Kivu, kikayasaga, kikayakamua, kikatoa chumvi ya kwinini inayopimwa na kukubaliwa. Waliosaga, waliokamua na waliopima kwa mizani ya kioo walikuwa watoto wa Kongo. Basi mtu asituambie kwamba kulitoa kiini katika ganda ni jambo lisilowezekana katika nchi hii. Limewezekana mbele ya macho yetu, katika mji ambao bwana mnunuzi hupita na lori lake.

Na Lwiro? Mwaka 1947 ilianzishwa IRSAC, na kule Lwiro, si mbali na Bukavu, yakajengwa majumba ya elimu ambayo leo ni ya CRSN. Wajuzi wa Kongo wamefanya kazi humo, mara bila mshahara, mara bila umeme, mara katikati ya vita. Yangambi nako kuna mimea mikavu zaidi ya 100,000, imebandikwa kwenye karatasi, kila mmoja na jina lake na mahali ulipochumwa. Nyumba za elimu zipo. Ni mafuta ya taa yaliyokosekana, kwa kusema hivyo. Nchi inayotafuta fedha za magari ya wakubwa na kuzipata, haiwezi kudai kwamba fedha za chupa za maabara zimepotelea njiani.

Tumesema na mnunuzi vya kutosha. Kuna mwingine ambaye angependa kukaa upande wetu katika ugomvi huu, nasi hatumtaki. Ni yule muuza chupa.

Mwamjua. Husimama sokoni na kinasa-sauti, na meza yake ina chupa za rangi ya chai. Chupa moja yatibu mgongo, magoti, tumbo, mkojo, utasa, shetani na kukosa kazi. Ukimwuliza ndani mna nini, husema: «Ni mizizi ya mababu. Dawa ya babu haihitaji kupimwa na mashini.» Na wasomi wengine wanaojiona wapenzi wa Afrika humpigia makofi.

Tulikuwa na katekista mmoja wa zamani, mtu wa miguu. Alikuwa akitembea milima miwili kwa siku kufundisha watoto. Uzee ulimshika magotini. Akanunua chupa. Siku ya tatu alikuja misioni akitembea kama kijana, akatucheka sisi tuliompa kinini za dispensari ambazo hazikumsaidia sana. Tulifurahi naye, na mmoja wetu (hatutamtaja, lakini ndiye anayeandika mistari hii kwa mkono wake) alifikiri kununua chupa pia. Mwezi wa tatu uso wake ulikuwa umejaa, umekuwa wa mviringo kama mwezi. Watu wakasema amenenepa, Mungu amembariki. Kisha fedha zikamwishia, akaacha chupa kwa siku moja. Juma lile akaanguka, hana nguvu, anatapika, hawezi kuketi. Hospitalini munganga alimtazama uso na ngozi ya mikono, akauliza swali moja tu: «Mzee, ni nani amekuwa akikupa dexa?»

Dexamethasone, ambayo sokoni huitwa dexa, ni dawa kali ya kuzima uvimbe. Mikononi mwa munganga huokoa watu. Ikitiwa kwa siri katika chupa ya mizizi, hufanya muujiza wa siku tatu, kisha hula mifupa, hupandisha sukari ya damu, na hulaza tezi za mwili zinazotengeneza dawa ya namna hiyo kwa asili. Ukiiacha kwa ghafula tezi hizo hazijaamka bado, nawe waanguka. Katekista wetu alipona, asante kwa Mungu na kwa munganga yule. Hakutembea tena milima miwili.

Msifikiri kwamba hila hiyo ni ya masoko yetu peke yake. Mwaka 2022 serkali ya Marekani iliwaonya watu wake juu ya vidonge vilivyouzwa kama mimea mitupu ya kutuliza viungo. Walipovipima walikuta dexamethasone na diclofenac, wala havikuandikwa kwenye kopo. Wala udanganyifu si hatari pekee. Kule Bruseli, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliotaka kupunguza unene walipewa unga wa mizizi ya Kichina. Mzizi mmoja ulikuwa umebadilishwa na mwingine unaofanana nao kwa jina, wa jamii ya Aristolochia. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika mafigo. Wengine baadaye wakapata kansa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walikosa kuangalia ni mzizi gani ulio ndani ya gunia.

Basi, kwako wewe usemaye kwamba dawa ya babu haihitaji kupimwa: babu aliipima. Alijua mlima gani, upande gani wa mti, mwezi gani, kiganja kimoja au viwili, mwenye mimba asinywe. Alimwona mgonjwa wake kila siku, akajua akifa amekufa kwa nini, na ndugu wa marehemu walijua nyumba yake iko wapi. Huo ulikuwa ulinzi. Chupa ya sokoni haina mlima, haina kiganja, haina nyumba. Wewe si mrithi wa babu. Umemwibia jina.

Na sasa tuseme juu yetu wenyewe, maana hatupendi kuhukumu majirani tu. Miaka mingi misioni nyingi zilimtia katika kapu moja mlozi na yule mama mzee ajuaye majani ya kikohozi. Watoto wa shule zetu walifundishwa kuona haya mbele ya nyanya zao. Wanawake waliokuwa na elimu kubwa ya majani walikuja kanisani, wakabatizwa, na wakanyamaza hata kufa. Elimu yao ilizikwa nao. Hatuwezi kujua ni ngapi zilizozikwa hivyo. Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, chafundisha kwamba dawa hutoka udongoni kwa mapenzi ya Muumba, na kwamba mwenye akili hazidharau. Sura hiyo ilikuwamo katika Biblia zetu wakati wote ule. Tulikuwa twaisoma kwa sauti.

Kwa sababu hiyo twawaomba vijana wa chuo kikuu neno moja, nao wasikasirike. Kila mwaka hutoka karatasi nyingi juu ya majani yetu: mubirizi, umuravumba, tangawizi, na mengine. Twazisoma zile tunazozipata. Kwa sehemu kubwa habari ni moja. Panya hutiwa sindano ya mguuni yenye kitu kilichotolewa katika mwani wa bahari, mguu wavimba, panya mmoja apewa maji ya jani, mwingine apewa dawa ya kiwanda, baada ya saa kadhaa miguu yapimwa. Mguu wa panya wa jani umevimba kidogo kuliko ule wa panya wa maji matupu. Mwisho wa karatasi. Mwanafunzi apewa shahada, na jani larudi porini.

Hatudharau panya. Ni mlango wa kwanza, na ni lazima kupita hapo. Lakini tazameni kipimo: mara nyingi ni miligramu 400 kwa kilo moja ya mwili. Ukihesabu kwa uzito tu, mtu wa kilo 60 angekunywa gramu 24 za kiini kwa siku. Nani atakunywa hivyo? Na ini lake litasema nini? Kazi iliyo ngumu yaanzia pale karatasi inapoishia: kupima kama dawa ile haiui mafigo baada ya miezi sita, kujua ni kitu gani ndani yake kinachotenda kazi, ili chupa ya leo iwe sawa na chupa ya kesho, kuijaribu kwa wagonjwa waliokubali, nusu wapewe dawa, nusu wapewe kitu kitupu, wala munganga asijue ni nani kapewa nini. Hapo tu ndipo yule mama wa magoti anaweza kununua chupa ndogo yenye jina, yenye tarehe, yenye kipimo, iliyofanywa Kongo, kwa bei ya Kongo. Aspirini yenyewe ilipita njia hiyo: mwaka 1763 padri mmoja wa Kiingereza, Edward Stone, aliandika kwamba ganda la mti wa kando ya mto lilishusha homa za watu wake, mwaka 1897 katika kiwanda cha Bayer ikapatikana dawa yenyewe. Ganda la mti, nalo! Miaka 134 ilipita katikati. Sisi leo hatuhitaji miaka hiyo yote, maana mashini zimekuwa bora. Lakini twahitaji zaidi ya panya sita.

Kuna neno la mwisho la kushindana nalo, nalo latoka kwa waganga wenyewe. Wasema: «Tukionyesha mti, mtatuibia.» Hao tunawasikiliza kuliko wote, kwa sababu wana haki. Wameibiwa. Nani katika milima yetu alipata senti moja ya haki ile iliyoandikishwa mwaka 1966? Lakini kuficha hakumzuii mwizi; humzuia tu mjukuu. Dawa ya wizi ni maandishi. Mapatano ya Nagoya, yaliyoandikwa mwaka 2010 na kuanza nguvu mwaka 2014, yasema kwamba anayetaka mmea au elimu ya watu juu ya mmea sharti aombe ruhusa kwanza na kupatana juu ya faida. Kongo imo katika mapatano hayo. Mwezi wa tano mwaka 2024, huko Geneva, mataifa yalikubaliana tena kwamba anayeomba haki ya dawa iliyotoka katika mmea aseme wazi mmea huo umetoka nchi gani na elimu yake kwa watu gani. Na si maneno ya karatasi tu: katika Afrika ya Kusini watu wa mashambani wa Alice walipinga haki aliyopewa kampuni moja ya Ulaya juu ya mzizi wao wa kikohozi, Pelargonium, na mwaka 2010 ofisi ya haki za Ulaya ikaifuta. Watu wa kijiji! Hawakuwa na bunduki wala waziri. Walikuwa na mashahidi, na watu wa sheria waliosimama nao.

Kwa hiyo twafanya hivi katika misioni yetu, na yeyote aweza kuja kuona. Mganga anayetaka huja na mti wake siku ya Jumatano. Tawi lenye jani na ua hubanwa katika magazeti, hukaushwa, huandikwa: jina la mti katika lugha ya kwetu, mahali, siku, jina la mganga, na kazi ya dawa kwa maneno yake mwenyewe. Karatasi ni tatu: moja yake, moja ya chifu, moja hukaa katika sanduku la misioni. Hakuna tawi litakalopelekwa kwa wajuzi bila yeye kutia kidole. Mpaka sasa waliokuja ni kumi na mmoja, na tisa kati yao ni wanawake wazee. Mmoja alitaka kwanza kujua kama Padri bado anafikiri kwamba yeye ni mlozi.

Na kwa bwana mnunuzi tuna shauri la biashara, kwa kuwa alikuja kama mfanyabiashara. Akubali kununua maganda ya robo mbili tu, toka miti iliyotiwa namba, na alipe zaidi kwa kilo yenye namba kuliko kwa kilo isiyo na namba. Atapata maganda machache mwaka huu. Atakuwa na maganda mwaka wa kumi.

Mbegu za mti huu hazivumilii kukauka. Zikikaa ghalani hufa, na mti hungoja miaka mingi kabla ya kuzaa. Masista wamepanda kitalu nyuma ya dispensari, chini ya majani ya migomba. Miche iliyoota ni mia mbili na kidogo. Mbegu zilizobaki zimo katika mchanga wenye maji, kwa mtunza kitalu, na hazitafika Dominika mbili. Anayetaka aje na kikapu, hata kama ni mnunuzi.